Udongo wa Kuomba

Mume wangu Umekichi alikuwa fundi wa miavuli ya karatasi, tena fundi hodari. Mwavuli wake ulikaa mvuani siku nzima bila kuvuja tone. Ila kuomba hakujua. Mteja akichelewa kuja kuchukua mwavuli wake, Umekichi hakumtumia salamu. Aliuning'iniza mlangoni akangoja mvua imlete. Vita vilipouteketeza mtaa wetu wa Tokyo, karakana iliungua, miavuli ikaungua, na mlango wenyewe ukaungua. Ile tabia tu haikushika moto. Tulipanda nayo treni mpaka huku Tokachi, kaskazini kabisa mwa Japani.

Serikali ilikuwa inagawa msitu. Kila nyumba ilipewa hekta tano kwa sharti moja: ukate miti, ung'oe visiki, ulime, na mwaka wa tatu mkaguzi aje akute mazao. Akiyakuta, ardhi ni yako. Akikuta magugu na visingizio, ardhi inarudi serikalini na wewe unarudi ulikotoka. Sisi tulikotoka palikuwa majivu, kwa hiyo hatukuwa na mjadala mrefu.

Udongo wa huku nao ni majivu, lakini ya volkano. Ni mweusi na mwepesi. Ukiupiga teke unapaa kama masizi. Ukiutazama unaweza kudhani utaotesha hata mpini wa jembe. Viazi vinakubali, ngano inajikokota. Lakini mtu aliyetaka kuhesabiwa mkulima alipanda soya, kwa sababu mkaguzi naye alikunywa supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, kila asubuhi kama sisi, na alijua kwamba ardhi ikishakubali soya imefugika.

Jirani yetu wa upande wa mashariki alikuwa Bibi Tome. Aliletwa huku akiwa bi harusi wa miaka kumi na tisa, wakati dubu walikuwa wengi kuliko majirani, na shamba lake la mbele lilikuwa limepandwa soya miaka arobaini. Desturi ya huku ilipita mlangoni kwake. Mgeni mpya, kabla ya kupanda soya mara ya kwanza, alikwenda kwake, akainama, akasema, "Naomba udongo." Sharti aende mwenye nyumba mwenyewe, na aubebe udongo huo kwa mgongo wake mwenyewe, si kwa farasi. Akifika kwake aliuchanganya na mbegu, akapanda. Hapakuwa na malipo. Ukiwa na chupa ya pombe ya mchele ulikwenda nayo. Ukiwa huna, uliinama zaidi kidogo.

Tulielezwa haya wiki ya kwanza, nyumbani kwa Zenzaburo. Zenzaburo tulikuja naye treni moja. Alikuwa mpishi wa meli, mtu asiyeona haya kuomba hata chumvi iliyomo mkononi mwako, na udongo alikuwa ameshauomba siku ya pili.

Umekichi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimesafiri siku tatu kuufuata udongo. Nimezungukwa na udongo. Nikikohoa natema udongo. Halafu niende kwa mtu nikaombe udongo?"

Watu walicheka. Bibi Tome alikuwepo, anatafuna figili ya chumvi kwa meno yake machache, naye akacheka.

"Mwacheni fundi," alisema. "Mimi sina haraka."

Mwaka wa kwanza soya zetu ziliota vizuri. Mwezi wa saba zikaanza kupauka, na mwezi wa nane shamba zima lilikuwa la njano kama mtu mwenye homa ya ini. Umekichi alisema mbegu zilikuwa mbovu. Mwaka wa pili alibadilisha mbegu, akapanga foleni ya mbolea ya kiwandani, akarudi na mfuko mmoja uliopimwa kwa ubahili. Soya zilikula mfuko ule, zikawa kijani, zikatufurahisha wiki tano. Mbolea ilipokwisha zikakumbuka njano yao. Maganda yalikuwa na punje moja moja, na mengine yalikuwa na hewa.

"Fundi," Zenzaburo alimwambia akiwa ameegemea uzio, "shamba lako linafanana na mkeka wa nyumba ya kupanga. Limechakaa hata hujalikalia."

"Kapike," Umekichi alimjibu.

"Nimeshapika. Nimepika soya zangu."

Hivyo ukabaki mwaka mmoja.

Theluji ilipoyeyuka nilikwenda kwa Bibi Tome bila kuaga. Nilimkuta anachambua mbegu barazani, ananitazama ninavyokuja kama mtu anayetazama treni anayoijua ratiba yake.

"Bibi, nimekuja kuomba udongo."

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Basi kaa unywe chai, halafu ujirudishe."

"Kwani mimi na yeye si shamba moja?"

"Shamba moja, midomo miwili. Mdomo uliotukana udongo wangu ni ule mwingine, Fusae."

"Na asipokuja?"

"Mtarudi Tokyo, na mimi nitakosa mtu wa kunywa naye chai. Itaniuma. Lakini kufa sitakufa."

Alinimiminia chai. Kisha aliingia ndani akatoka na shina kavu la soya la mwaka uliopita, akaligeuza mizizi juu. Mizizi ilikuwa na vinundu vilivyonyauka, vikubwa kuliko punje za mtama, vimejipanga kama vishanga. Ya kwetu nilikuwa nimeing'oa mwenyewe kwa mikono hii, na ilikuwa laini kama ndevu za mzee aliyetoka kuoga.

"Humu ndani mna watu," alisema. "Wadogo, hawaonekani. Mwalimu wa shule anawaita bakteria. Mimi nawaita wapangaji. Soya inawapa nyumba na sukari, wao wanaivutia mbolea kutoka hewani. Msitu ule mlioukata haukuwahi kuiona soya, kwa hiyo wapangaji wake hawamo. Mwite mumeo aje awachukue."

Jioni nilimweleza Umekichi.

"Kwa hiyo anawajua hao bakteria."

"Anawajua."

"Na bado anataka niiname."

"Anasema udongo wake uliutukana wewe, si mimi."

Alichukua jembe akaanza kulinoa. Lilikuwa limenolewa asubuhi.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita ilikuwa siku ya michezo ya shule. Siku hiyo hapabaki mtu nyumbani, hata wasio na watoto kama sisi. Bibi Tome alitandikiwa mkeka wa mbele kabisa kwa heshima ya umri wake, akawa anawazomea wakimbiaji. Umekichi alisema tumbo linamsumbua. Nilifunga matonge ya wali ya mtu mmoja nikaenda. Wazee walivuta kamba, Zenzaburo akaanguka kwenye mbio za magunia, na mimi nilirudi alasiri nikamkuta mume wangu anaosha miguu kisimani. Nyuma ya kibanda palikuwa na magunia mawili yaliyofumwa kwa majani ya mpunga, yamejaa udongo, ambayo asubuhi hayakuwepo.

"Tumbo?"

"Limepona."

"Umelitibu kwa dawa gani?"

"Hewa."

"Ya shamba la nani?"

Alijifuta mguu mmoja, akahamia wa pili. "Udongo huu umetoka kwenye volkano," alisema. "Volkano haina jirani."

Sitasema nilikasirika. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sikuwa na pengine pa kwenda, na mkaguzi alikuwa anakuja Septemba. Asubuhi tulichanganya mbegu na udongo ule, tukapanda nusu hekta siku tatu, na jinsi alivyokuwa anapiga mluzi ungedhani volkano ile aliilipua yeye.

Mwezi wa saba ulipoanza soya zilikuwa zimefika kimo cha goti la mtoto. Rangi yake sikuipenda. Nilimwita, nikachimbua shina moja mbele yake taratibu, nikalisuuza ndooni. Mizizi ilikuwa myeupe, safi, haina hata chunusi.

Tulikuwa bado tumechuchumaa pale tulipoona fimbo, na nyuma ya fimbo Bibi Tome.

"Fundi," alisema, "njegere zangu zinakusalimu."

Umekichi alisimama. "Njegere gani?"

"Za kule nyuma ya miti ya kukinga upepo. Kile kipande alikifyeka marehemu mwanangu, na tangu akifyeke hakijaonja kitu zaidi ya njegere na viazi. Soya hakijawahi kuiona."

"Nilikuta vikonyo vya maharage," Umekichi alisema, na hapo akawa ameshakiri, akaona hivyo, akaendelea tu. "Maharage ni maharage."

"Ndivyo mnavyosema Tokyo? Njegere ina wapangaji wake na soya ina wake. Wa njegere ukiwaleta kwa soya wanapita mlangoni hawabishi hodi. Umebeba magunia mawili ya watu wasio na kazi kwako."

Mimi ndiye niliyeuliza, "Umejuaje kuwa ni yeye, Bibi?"

"Aliyeiba alifukia shimo," alisema. "Sawa, wezi hufukia. Halafu akalisawazisha. Halafu, mwanangu, akalifagia. Miaka hamsini niko huku, sijaona mtu anafagia shamba. Nikasema huyu ni fundi."

Umekichi alitazama mikono yake. Ilikuwa ndiyo tabia yake; hata mwavuli wa bei ya chini kabisa aliufuta gundi iliyomwagika kabla ya kuutundika.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Umechelewa. Si sana. Udongo wangu ukiukoroga na maji ukawa uji mwepesi, ukamwaga kwenye mizizi siku za mawingu, wengine wataingia. Jua likiwaka wanakufa kabla hawajafika chini. Ukiwahi wiki hii, kabla maua hayajatoka, utapata kitu."

Aliiegemea fimbo yake akatazama milima, kama mtu aliyekuja kuangalia hali ya hewa. Mimi nilikuwa na lile shina mkononi, linadondosha maji. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu, na wawili kati yetu tulijua ni zamu ya nani.

"Labda," Umekichi alisema, "kama kuna udongo usio na kazi..."

"Udongo wangu wote una kazi."

"Kama utaona vyema..."

"Macho yangu mabovu."

Alipiga magoti. Hakufanya haraka na hakufanya kwa madoido. Alishuka kama anavyoshuka mtu anayetafuta sindano, akaweka viganja chini, akaweka na paji la uso, kwenye udongo ule ule aliokuwa akiutema miaka mitatu.

"Niliutukana udongo wako," alisema, sauti ikitokea chini. "Kisha nikauiba. Tena nikauiba vibaya. Naomba unipe."

"Hilo la kuiba vibaya ndilo lililoniuma zaidi," Bibi Tome alisema. "Inuka. Kalete kapu."

Mawingu ya mwezi wa saba huku si ya kutegemea, lakini mwaka ule yalikaa siku sita. Umekichi alibeba udongo kwa mgongo kutoka shamba la mbele la Bibi Tome, safari baada ya safari, na Bibi alikaa kwenye kigoda akimchagulia pa kuchimba. Kufagia alimkataza. Kwetu tulikoroga uji ule kwenye pipa la kuchachushia mboga. Umekichi alitengeneza kivuli cha karatasi ya mafuta juu ya pipa ili mwanga usiwaguse hao wapangaji. Kwa dharura ile kilikuwa kivuli kizuri kupita kiasi. Tulimimina kwa birika, mstari kwa mstari. Siku ya tatu Zenzaburo alikuja na upawa wa meli.

"Nimepikia mabaharia mia na ishirini," alisema, "lakini supu hii hata wao wangeirudisha."

"Mimina, usiongee," Umekichi alimwambia.

"Naongea na wateja. Karibuni, karibuni. Nyumba zipo, sukari ipo, mwenye nyumba mkorofi kidogo."

Niliona mabega ya Umekichi yanatikisika kwa kicheko.

Siku ya saba jua lilitoka likakaa. Bibi Tome alipita asubuhi akasema basi. Ulikuwa umebaki ukanda wa chini karibu na mfereji, kama robo ya shamba, hatujaugusa. Umekichi alitaka kuendelea jioni jua likipungua. Bibi alichuma kikonyo kimoja akamwonyesha: vichipukizi vya maua vilikuwa vimeshachungulia. "Hawa wameshaamua," alisema. "Waache."

Wiki tatu hatukuona kitu. Kisha, nikienda kuteka maji asubuhi moja, niliona kama mtu amepaka rangi. Kijani kilianza juu karibu na nyumba, kikashuka mstari baada ya mstari, kikafika pale tulipoweka birika chini, kikakoma. Kuanzia hapo mpaka mfereji ilikuwa njano yetu ya zamani. Mpaka ulikuwa umenyooka hivi kwamba ungedhani uliwekwa kwa rula.

Umekichi alichimbua shina kwenye kijani. Vinundu vilikuwepo, vinono, vimeshika mzizi mkuu. Alikipasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto. Alikitazama muda mrefu, kwa jicho lile alilokuwa akilitumia zamani akishika mwavuli wa fundi mwingine na kukuta hauvuji.

Mkaguzi alikuja wiki ya kwanza ya Septemba kwa baiskeli. Aliitwa Bwana Mikami, mtu mwembamba mwenye karatasi nyingi, na ofisi yake ilikuwa imempa mashamba kumi na manne ya kukagua kwa siku tatu, kwa hiyo hakukaa kwa chai. Zenzaburo alikuwa amemtangulia, amekatisha shambani anahema.

"Fundi, sikiliza. Ule ukanda akikuuliza, sema ukungu. Ukungu wa baridi ulishuka Agosti kila mtu aliuona. Ukungu hauna wakili."

"Akiandika kwamba pale pana ukungu?" nilisema.

"Ataandika atakavyo. Kwani ni uongo? Ulishuka."

Umekichi alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akaenda kumpokea mgeni.

Bwana Mikami alianzia juu. Alipanda na kushuka mistari, akahesabu maganda kwenye mashina machache, akaminya punje, akaandika. Kisha akafika kwenye mpaka ule wa rula, akasimama, mguu mmoja kwenye kijani na mwingine kwenye njano.

"Hapa vipi?"

Zenzaburo, aliyekuwa amejifanya amekuja kuazima msumeno, alikohoa.

"Ardhi hii ya chini," Bwana Mikami aliendelea, akifungua ukurasa mwingine, "ni ugonjwa? Ni maji? Kama ni bonde la baridi niambieni, kuna fomu yake. Ardhi isiyofaa inaondolewa kwenye mgao, na ikizidi kiasi mgao wote unaangaliwa upya."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nilijua kuwa ule ukungu wa Zenzaburo, aliodhani ni mlango wa kutokea, ulikuwa unaelekea moja kwa moja kwenye fomu ile. Umekichi naye alijua au hakujua, mpaka leo sijamuuliza. Aliinama, akang'oa shina moja kulia na moja kushoto, akakung'uta udongo, akayashika yote mawili kwa mizizi mbele ya uso wa yule bwana.

"Udongo ni ule ule," alisema. "Mbegu ni ile ile. Huyu amepata wapangaji wake, huyu hajapata. Niliambiwa tangu mwaka wa kwanza nikawaombe kwa jirani, nikaona haya. Mwaka huu nikaiba udongo wa njegere, haukufaa. Nilipoomba, muda ukanitosha mpaka hapo uliposimama."

Bwana Mikami aliutazama mzizi wenye vinundu, akautazama ulio mtupu. Alikipasua kinundu kwa ncha ya kalamu, akakiona chekundu, akaifuta kalamu kwenye suruali.

"Uliiba udongo."

"Magunia mawili."

"Sina pa kuandika hilo." Aligeuza karatasi zake kana kwamba huenda pangepatikana. "Kwa hiyo ardhi haina kosa."

"Haina. Kosa ni langu."

"Bwana, mimi nimetumwa kukagua ardhi," alisema Mikami. "Wewe sijatumwa kukukagua."

Alitoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaweka hati ya ardhi yetu juu ya goti lake akagonga. Ulipinda kidogo. Umekichi aliutazama muhuri ule uliopinda, nikaona vidole vyake vinataka kuunyoosha, akavifumbata. Mkaguzi alipanda baiskeli akaelekea kwa Zenzaburo, na Zenzaburo akamkimbilia kwa nyuma, ameusahau ule msumeno ambao hakuja kuuazima.

Tulivuna mwanzoni mwa Oktoba. Soya za juu zilitosha miso ya mwaka na mbegu ya mwaka, na nyingine zikaenda sokoni. Za ule ukanda zilikuwa ndogo kama pilipili manga na zilijaa nusu ya kapu. Nilizichemsha zote jioni moja, nikatia chumvi, tukazila na Bibi Tome, ambaye alisema hazina ladha akaongeza bakuli la pili.